Gidamu ya kiatu na bati mia mbili



Ndugu msomaji, Dominika moja, miezi michache kabla ya uchaguzi, nilikuwa Ndalambo, wilayani Momba, kuadhimisha Misa kwenye kigango kisichokuwa na paa. Kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimefika kimo cha lenta. Waamini wamezijenga kwa miaka sita, kwa debe la mahindi na gunia la alizeti. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Zambia, na kila aliyewahi kuishi Songwe anajua mvua za kwetu zikianza hazingoji mtu amalize ujenzi.

Baada ya Misa alinifuata bwana mmoja, mfanyabiashara, mtu wa heshima zake. Akanisalimu vizuri, akanipa pole ya safari, kisha akasema: "Baba, nimeona shida yenu. Nina bati mia mbili. Zitafika wiki hii." Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo akaongeza mambo mawili, kwa sauti ya chini. La kwanza, kampeni zitakapoanza apewe dakika tano tu baada ya matangazo, awasalimu watu. La pili, bati zile zisiandikwe kwenye daftari la kigango kwa jina lake, maana yeye hapendi kujionyesha.

Nilimwambia tutazungumza na halmashauri ya walei. Lakini nikikiri ukweli, moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali. Dakika tano ni nini mbele ya bati mia mbili?

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nawaza majina mawili ya ng'ambo ya mpaka wetu: Fife na Abercorn. Fife kilikuwa kituo cha Waingereza karibu na Nakonde, mkabala na Tunduma. Abercorn ndiyo Mbala ya leo, na iliitwa hivyo hadi baada ya Zambia kupata uhuru. Nikiwa seminari nilidhani ni majina ya wamisionari au wapelelezi. Sivyo. Yalikuwa majina ya watu wawili wa ukoo bora wa Uingereza: Duke wa Abercorn na Duke wa Fife. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa bodi ya kampuni, na wa pili makamu wake. Huyu wa pili alikuwa mkwe wa Mwana wa Mfalme wa Uingereza. Kampuni yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja, Cecil Rhodes. Majina hayo yamenifundisha jambo kuhusu mchango ambao Injili nilikuwa nikiisoma bila kuliona.

Rhodes alizaliwa mwaka 1853 nchini Uingereza, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana. Alikwenda Afrika Kusini akiwa kijana, akaingia kwenye almasi za Kimberley. Mwaka 1888 aliunganisha migodi kuwa kampuni ya De Beers, na ndani ya miaka michache kampuni hiyo ilishika takriban sehemu 9 kati ya 10 za almasi zilizouzwa duniani. Wafanyakazi Waafrika walikaa kwenye kambi zilizozungushiwa uzio, hawatoki mpaka mkataba uishe, na walipekuliwa mwili mzima kabla ya kuondoka. Mwaka 1890 akawa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi huku akiendelea kuwa mkubwa wa De Beers. Mwaka 1894, chini ya uongozi wake, ilipita sheria ya Glen Grey. Humo mwanaume Mwafrika ambaye hakutoka kwenda kufanya kazi ya ujira kwa miezi mitatu katika mwaka alitozwa kodi ya shilingi 10. Kwa hiyo mwajiri mkubwa ndiye aliyekuwa akitunga sheria ya kuwasukuma watu kwenye ajira.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa michango yake.

Mwaka 1888 Rhodes aliahidi pauni 10,000 kwa Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ireland waliokuwa wakidai serikali yao ya ndani. Kwa wakati ule zilikuwa fedha nyingi mno. Ireland ilikuwa nchi maskini, watu wake wengi Wakatoliki wenzetu, na dai lao lilikuwa la haki. Nani angekataa? Lakini mchango ulikuja na sharti: wabunge wa Ireland wakubali kuendelea kukaa pia katika Bunge la London. Rhodes alitaka mfano huo ufungue njia ya makoloni yote kuwakilishwa kwenye bunge moja la himaya aliyokuwa akiiota.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba 1889, Malkia Victoria aliipa kampuni ya Rhodes hati ya kifalme. Hati hiyo iliiruhusu kutawala nchi, kutoza kodi, kuwa na polisi na kugawa ardhi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba zile pauni 10,000 zilisaidia kunyamazisha sauti za wabunge ambao wangeweza kuipinga hati hiyo. Siwezi kuingia ndani ya mioyo ya watu waliokufa. Ninachoweza kusema ni kwamba ukishapokea fedha ya mtu, kumpinga kesho yake inakuwa kazi ngumu, hata kama hakukuomba unyamaze.

Februari 1891 alitoa tena, safari hii pauni 5,000 kwa chama cha Liberali cha Uingereza, kupitia mtendaji wake, Francis Schnadhorst. Akaomba iwe siri. Akaweka sharti kuhusu Ireland, na baadaye akaonyesha pia kwamba hakutaka chama hicho kiingie madarakani halafu Uingereza iondoke Misri. Kwa nini Misri? Kwa sababu alikuwa na ndoto ya reli kutoka Cape Town mpaka Cairo. Reli bila Misri ingekuwa ngazi isiyofika darini. Siri ile ilidumu miaka kumi. Mwaka 1901 gazeti la The Spectator la London liliibua jambo hilo na barua zikachapishwa. Watu wakajua, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kufanyika.

Hapa, msomaji wangu, nakuomba usikimbilie kuwanyooshea kidole wanasiasa wa Ireland na Uingereza peke yao. Nasi tumo. Kampuni ya Rhodes ilipoingia Zimbabwe ya leo, mapadri Wajesuti walipewa shamba kubwa pale Chishawasha, karibu na Harare, mwaka 1892. Walijenga misheni, shule na kanisa, na wengi walipata imani na elimu pale. Sifuti mema hayo. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na aliyeigawa hakuwa ameinunua. Mwaka 1896 Washona walipoinuka dhidi ya utawala wa kampuni, misheni ile nayo ilishambuliwa. Machoni pa watu, aliyepokea na aliyetoa walikuwa wameonekana kitu kimoja. Hiyo ni gharama ambayo haiandikwi kwenye hati ya mchango.

Turudi kwenye reli, maana nayo ina fundisho. Rhodes alifikisha reli Bulawayo mwaka 1897. Mwezi Machi 1899 alikwenda Berlin kumwona Kaisari Wilhelm II, kwa sababu nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani na ilisimama katikati ya njia yake. Alipata ruhusa ya kupitisha waya wa telegrafu, nao ukafika mpaka Ujiji. Reli haikupita. Alikufa tarehe 26 Machi 1902, akiwa na miaka 48. Daraja la reli pale Maporomoko ya Viktoria, alilotaka lijengwe karibu kiasi cha manyunyu ya maji kuyaangukia mabehewa, lilifunguliwa mwaka 1905, miaka mitatu baada ya mazishi yake. Kutoka hapo reli iliendelea hadi Kabwe na kufuata shaba, ikaiacha kando njia ya kuja kwetu.

Treni ilipofika Tunduma ilikuwa ya TAZARA. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usiokuwa na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa. China nayo ilikuwa na hesabu zake za kisiasa, hilo halifichiki. Lakini serikali tatu zilikaa mezani, zikaandika masharti na kutia saini, na watu wakaambiwa nani anakopesha na nani atalipa. Jasho lilikuwa la Watanzania, Wazambia na Wachina, na wengine walizikwa njiani.

Sasa angalia jambo hili. Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067. Reli ya Kati, ile iliyoanzwa na Wajerumani, ni milimita 1,000. Kwa nini ya kwetu huku inatofautiana? Kwa sababu ilibidi iungane na reli za Zambia, na reli za Zambia zilijengwa kwa kipimo cha Rasi, kipimo cha reli za Rhodes. Mzigo unaotoka Reli ya Kati kwenda Zambia hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu. Mtu amekufa tangu 1902, mtoto wa mjukuu wa kibarua wake labda ni mzee leo, lakini kipimo chake bado kinatuongoza chuma cha kukanyaga.

Ndivyo ulivyo mchango mkubwa. Atoaye huondoka, kipimo chake hubaki.

Siku hizi reli hiyohiyo hupitisha pia treni ya watalii ya Rovos Rail, kampuni ya Afrika Kusini iliyoanzishwa mwaka 1989, yenye mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa kwa mbao na shaba inayong'aa. Ni safari ya takriban wiki mbili kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam. Watoto wa kandokando ya reli huipungia mikono. Nami niliwahi kuipungia, sioni dhambi. Kupenda treni za zamani ni mapenzi safi kabisa, na Uingereza kwenyewe wapo wawekezaji matajiri wanaotumia fedha zao kufufua vichwa vya treni vya mvuke, na baadhi yao hao hao hutoa mamilioni kwa vyama vya siasa. Tofauti na enzi za Rhodes ni kwamba leo sheria yao ya mwaka 2000 inataka michango mikubwa itangazwe, raia asome jina na kiasi. Tajiri kupenda kitu si kosa, wala kutoa si kosa. Swali ni kama anatoa mbele ya macho ya watu, na kama aliyepokea bado ana ulimi wake.

Neno la Mungu lilikwisha kulisema hili zamani. Soma Mwanzo sura ya 14. Abramu amewakomboa Lutu na mateka wengine vitani. Wanakuja kwake wafalme wawili siku moja. Wa kwanza ni Melkizedeki, kuhani, analeta mkate na divai pamoja na baraka. Abramu anapokea, tena anamtolea fungu la kumi. Wa pili ni mfalme wa Sodoma, anamwambia achukue mali yote. Abramu anakataa. Anaapa kwamba hatachukua hata uzi, hata gidamu ya kiatu, ule ukanda mdogo wa kufungia ndara, ili mfalme yule asije kusema siku moja kwamba ndiye aliyemtajirisha Abramu.

Tazama hekima yake. Hakusema kwamba kupokea ni vibaya, maana alikuwa ametoka kupokea mkate sasa hivi. Alipima sentensi ambayo mtoaji angeisema baadaye. Mkate wa Melkizedeki ulimwacha Abramu akiwa mtu wa Mungu. Mali ya Sodoma ingemfanya mtu wa mfalme wa Sodoma.

Na katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni aliyekuwa mchawi aliwaletea mitume fedha apate uwezo wa kumwita Roho Mtakatifu. Petro alimkatalia kwa ukali. Kanisa changa halikuwa na majengo wala akiba. Lilihitaji fedha kuliko kigango chetu. Lakini Petro aliona kwamba Simoni analipia, hatoi.

Mwaka ule ule wa 1891, miezi mitatu hivi baada ya Rhodes kutoa mchango wake wa siri kwa Waliberali, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake wa Rerum Novarum, tarehe 15 Mei. Humo alifundisha kwamba mali binafsi ni haki, lakini kumpunja mfanyakazi ujira wake ni dhambi nzito inayomlilia Mungu, kama anavyofundisha Mtume Yakobo katika sura ya 5. Kwa hiyo Kanisa linapopewa sadaka, lina haki na wajibu wa kujua imetoka kwenye jasho la nani.

Ninasema hivi kama mkosaji. Miaka mingi iliyopita, katika parokia nyingine, mbali na huku, nilipokea msaada mkubwa kutoka kwa mwenye mali mmoja. Tulijenga nyumba ya mapadri. Mwaka uliofuata vibarua wake wanne walinijia jioni, wakaniambia hawajalipwa miezi mitatu, wakaniomba niseme naye. Niliwaambia nitalitazama. Sikulitazama. Kila nilipotaka kumpigia simu niliona lile paa juu ya kichwa changu. Hakuwa amenikataza kusema, nilijikataza mwenyewe. Vibarua wale hawakurudi tena, wala sikuwahi kuwauliza walikula nini. Nimeungama dhambi hiyo, nimeondolewa, lakini sijaisahau.

Nchi yetu nayo imepitia shule hii. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, tukijiambia kwamba ni ukarimu wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, kwa sababu maskini hakuweza kutofautisha ukarimu na hongo, wala mgombea asiye na kitu hakuweza kushindana. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayotaka matumizi na michango ya kampeni ijulikane. Sheria ipo. Lakini sheria haina macho ndani ya kigango. Macho hayo ni yako wewe mwenyekiti, wewe katekista, wewe mama wa WAWATA, na mimi padri wako.

Kwa hiyo, wapendwa, mtu akija na zawadi kwenye jumuiya yenu, msimfukuze. Kwanza mwulizeni kama angetoa hata kama asingepewa nafasi ya kusema lolote. Kisha mwulizeni kama jina lake na kiasi chake vinaweza kusomwa mbele ya waamini wote. Yesu alitufundisha kwamba mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kulia, lakini pale alikuwa akizuia majivuno ya atoaye. Hakuwa akiwapa watu kichaka cha kufichia masharti. Mtu anayekataa jina lake lisomwe wakati anatoa, halafu anataka uso wake uonekane mimbarini wakati wa kampeni, hana unyenyekevu. Mwisho jiulizeni ninyi wenyewe: vibarua wake wakija kesho wakilia, je, tutaweza kusema?

Mlitaka kujua habari za bati. Halmashauri ilikaa chini ya mwembe Jumatano. Nilieleza kila kitu, pamoja na lile sharti la daftari. Wengine walisema tupokee, mvua iko mlangoni. Ndipo katekista wetu, mzee aliyefundisha ubatizo wa nusu ya watu waliokuwepo pale, akaomba neno. Akasema: "Baba, hizi kuta tumezipandisha sisi. Akiezeka yeye kwa siri, watoto wetu wataambiwa kanisa ni lake." Mzee yule hakujua habari za Fife wala Abercorn, wala hakuhitaji kujua.

Tulimwita yule bwana, tukamwambia kwa heshima zote kwamba anakaribishwa kutoa wakati wa matoleo kama sisi wote, jina liandikwe, na mimbari ibaki ya Neno la Mungu. Alitusikiliza, akatuaga vizuri. Bati hazikuja.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka baada ya hapo. Mvua ilituwahi. Dominika ya kwanza ya Majilio tulisali chini ya turubai la kuazima, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniambia wazi, "Baba, msimamo wenu umemlowanisha mwanangu." Sikuwa na jibu. Nilimpa mwavuli wangu. Yeye huyo huyo, wakati wa mavuno, alileta debe mbili za mahindi, akasimamia jina lake liandikwe.

Hadi leo ninapoandika tumepata bati sitini na moja. Upande wa altare umeezekwa, upande wa waamini bado. Daftari liko mezani pa katekista, na yeyote anaweza kulifungua akasoma nani ametoa nini. Hakuna jina ndani yake ambalo kesho litasema kwamba ndilo lililotutajirisha.

Dominika njema, na Mungu awabariki.